Toleo la kumi na moja, na tangazo bado halijakubalika

*"Shikamoo mwalimu. Ninasoma usanifu wa michoro, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Kwa mradi wa muhula huu tumetakiwa kutengeneza matangazo matatu ya mitandao ya kijamii kwa ajili ya biashara halisi, nami nimechagua duka la mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Kibaigwa. Nimekesha siku tatu na nimefikisha matoleo kumi na moja. Mhadhiri anasema kazi yangu 'haina wazo'. Mama mwenyewe anasema nafasi kubwa imekaa bure, anataka niweke bei zote, namba tatu za simu, ramani, picha yake na maneno 'hayana lehemu' (kolesteroli). Wenzangu wananiambia tatizo ni kompyuta yangu na programu ya bure ninayotumia, na kwamba Facebook hukataa tangazo lenye maandishi mengi. Mwingine amenishauri picha zote zitengenezwe na akili mnemba. Je, sina kipaji? Nianzie wapi upya?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeniuliza kuhusu kipaji, programu na kompyuta, lakini kinachoonekana ndani ya maelezo yako ni jambo jingine. Matoleo yote kumi na moja yalianzia mahali pamoja, mbele ya kioo cha kompyuta, na katika barua nzima umemtaja mhadhiri, umemtaja mwenye duka, umewataja wenzako, ila hukumtaja hata mara moja mtu atakayeyanunua mafuta hayo. Nadhani mhadhiri wako aliposema kazi haina wazo alikuwa anaona pengo hilohilo, ingawa hakulieleza kwa kirefu.

Nianze na yale yanayokutia hofu bila sababu. Picha ya tangazo ya kawaida ya Instagram yenye vipimo vya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1080 kwa 1350 ina pikseli zisizofika milioni moja na nusu, ilhali picha moja iliyopigwa kwa simu ya megapikseli 12 ni kubwa mara nane ya hiyo. Kompyuta inayoweza kufungua picha ya simu yako inaweza kutengeneza tangazo hili, na programu ya bure inaweza kupanga maneno mawili na chupa moja sawasawa na ile ya kulipia. Kuhusu Facebook, ni kweli ilikuwepo kanuni ya kutaka maandishi yasizidi asilimia 20 ya picha ya tangazo la kulipia, lakini iliachwa mwaka 2020. Sababu ya kupunguza maandishi bado ipo, nayo inatokana na jicho la msomaji na ukubwa wa simu yake, nitaieleza mbele kidogo. Na kipaji hakipimwi kwa siku tatu za kukesha, kwa hiyo swali hilo naliweka kando.

Kazi yako ya kwanza ni kulifunga hilo faili na kwenda dukani kwa mama asubuhi moja, ukiwa na daftari tu. Keti mahali ambapo hutamzuia mteja, usiulize kitu, angalia. Niliwahi kuketi hivyo katika duka la mafuta karibu na Soko la Majengo, na niliyoyaona yalibadilisha kazi yote niliyokuwa nimeipanga. Mnunuzi alichukua chupa ya lita moja, akaiinua kuelekea mlangoni ili mwanga upite katikati yake, akaiinamisha taratibu kutazama kama chini kuna machicha, akafungua kifuniko na kunusa, ndipo akauliza: "Haya hayatoi povu?" Baada yake akaja mwingine, akauliza vilevile. Hakuna aliyeuliza kuhusu lehemu, wala aliyetazama nembo kwa zaidi ya nukta moja.

Swali la povu lina maana yake. Mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa kwa haraka hubaki na unyevu pamoja na ute wa asili wa mbegu, na vitu hivyo vikikutana na moto ndivyo vinavyofanya mafuta yafure kikaangoni, wakati mwingine hadi yakamwagika jikoni. Mama aliyewahi kusafisha jiko kwa sababu hiyo halisahau jambo lile, na anapokutana na chupa asiyoijua ndilo linalomjia kwanza. Hapo ndipo wazo lako lilipo. Muulize mwenye duka mafuta yake yanachujwa vipi na yanatulia siku ngapi kabla ya kujazwa kwenye chupa, kisha muombe ruhusa uyapashe moto kwenye kikaango mbele yako, ukaange viazi vichache. Yakitulia, umepata jambo la kusema na umelithibitisha kwa macho yako. Yakitoa povu, usiliandike, na umweleze mama kwa heshima ulichokiona, kwa kuwa hilo litamfaa kuliko tangazo.

Ukirudi nyumbani, andika sentensi moja tu, isiyo ya kuwekwa kwenye tangazo bali ya kukuongoza wewe. Iwe na mtu, jambo analopaswa kuamini na kitu anachopaswa kufanya. Kwa mfano: mama wa Nkuhungu anayenunua lita tano kila mwezi aone kwamba mafuta haya hayafuri kikaangoni, kisha atume ujumbe wa WhatsApp kuulizia bei. Kila ukibishana na nafsi yako, au na mwenye duka, kuhusu kuweka au kuondoa kitu, irudie sentensi hiyo. Kisichomsaidia mama wa Nkuhungu kuamini au kutuma ujumbe kinaweza kutoka bila hasara. Bila sentensi hiyo huna kipimo, na ndiyo maana ulifika toleo la kumi na moja: ulikuwa unabadilisha rangi na kusogeza chupa bila kujua unasogea kuelekea wapi.

Baada ya sentensi, andika maneno ya tangazo kabla ya kuchagua mpangilio wowote. Nalisisitiza hili kwa sababu violezo vingi, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari, vilivyomo kwenye programu hizi vimepangwa kwa lugha zenye maneno mafupi, na Kiswahili hakikai humo. Neno "yaliyokamuliwa" lina herufi kumi na nne, na ukilitia kwenye safu nyembamba ya kiolezo, programu itakulazimisha upunguze herufi hadi zisisomeke au italikata mahali pasipo na silabi. Lakini lugha hiyohiyo inakupa nguvu ambayo violezo hivyo havikuitarajia, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na ukanushi. "Hayatoi povu" ni maneno mawili tu, na sentensi imekamilika. Maneno mawili yanaweza kuandikwa kwa herufi kubwa sana, na hapo tayari nusu ya mpangilio wako imejipanga yenyewe. Sikukatazi kutumia kiolezo, kwani kwa mtu mwenye haraka kinaokoa muda na makosa ya nafasi. Ila kikifika kabla ya maneno, maneno yatakatwa ili yakitoshe.

Sasa chukua penseli. Chora mistatili ishirini kwenye karatasi, kila mmoja sentimita 4 kwa 5, ambao ni uwiano uleule wa pikseli 1080 kwa 1350, na katika kila mmoja upange tangazo kwa mistari michache, bila kufuta. Isikuchukue zaidi ya dakika arobaini. Mitano ya kwanza itakuwa ile ambayo kila mtu angeichora: ua la alizeti, chupa katikati, tone linalodondoka. Usiyaonee aibu hayo, yaache yatoke. Kwa kawaida kuanzia mchoro wa nane au wa tisa ndipo mkono unapoishiwa na mazoea na kuanza kuchora kile ulichokiona dukani: mkono ulioinua chupa mlangoni na mwanga unaopita ndani yake, au kikaango kilichotulia kinachotazamwa kutoka juu. Kwenye kompyuta hufiki huko, kwa sababu toleo la kwanza likishakuchukua saa tatu utalionea huruma na kutumia saa nyingine tatu kulirekebisha, badala ya kuliacha.

Hapa nieleze lile la jicho na ukubwa wa simu, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi za wanafunzi. Kioo cha simu nyingi kina upana wa takriban sentimita 6.5 hadi 7. Pikseli zako 1080 zote zinabanwa ndani ya upana huo, kwa hiyo herufi uliyoipa ukubwa wa pikseli 24, ambayo kwenye kompyuta yako inasomeka vizuri kabisa, mkononi mwa mnunuzi ina kimo cha milimita 1.5 hivi, na herufi ndogo kama "a" na "o" hazifiki hata milimita moja. Namba tatu za simu, ramani na orodha ya bei zikikaa pamoja, hakuna njia ya kuzitosheleza isipokuwa kuzishusha hadi kimo hicho. Mtu anayepitisha kidole gumba juu ya kioo hatasimama kuzisoma, kwa kuwa jicho huvutwa kwanza na kitu kikubwa kuliko vingine, au chenye tofauti kubwa ya mwanga, au uso wa mtu. Vikiwa sita vyenye ukubwa unaokaribiana, jicho halioni cha kuanzia na kidole kinaendelea na safari yake. Kuna jaribio rahisi: igeuze kazi yako iwe ya kijivu, isogeze mbali hadi iwe na ukubwa wa stempu, na utazame ni kitu gani bado kinaonekana. Kama si chupa na "Hayatoi povu", mpangilio bado.

Jambo la rangi nalo linahitaji uangalifu wa pekee kwako, kwa kuwa alizeti inakualika utumie njano kila mahali. Tatizo ni kwamba macho yetu husoma herufi kwa tofauti ya mwangaza kati yake na kilicho nyuma yake, na njano ni rangi yenye mwangaza unaokaribia wa nyeupe. Kipimo cha kimataifa cha usomekaji wa kurasa za intaneti kinataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Njano safi juu ya nyeupe inatoa takriban 1.07 kwa 1, yaani karibu hakuna kitu. Nyeusi juu ya njano hiyohiyo inapita 19 kwa 1. Fikiria pia mahali tangazo litakaposomwa: kituo cha daladala saa saba mchana, kwa jua la Dodoma, kwenye simu ambayo mwangaza wa kioo umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Njano yako ibaki nyuma, na maneno yawe meusi au ya kahawia nzito sana.

Usitumie maandishi madogo mekundu juu ya kijani au bluu. Mafaili ya JPEG, ambayo ndiyo mitandao hii hutumia sana, huhifadhi mwangaza kwa undani lakini rangi kwa undani mdogo zaidi, kwa kuwa jicho la binadamu halihisi mabadiliko madogo ya rangi kama linavyohisi ya mwanga. Herufi inayojitenga na mandhari yake kwa rangi peke yake huonekana imelowa maji pembeni baada ya kupakiwa. WhatsApp nayo huibana picha mara nyingine tena, hivyo unapomtumia mama kazi iliyokamilika, itume kama dokumenti. Ukitengeneza toleo la kusimama la stori, la pikseli 1080 kwa 1920, acha pikseli kama 250 juu na 340 chini bila maneno muhimu, kwa kuwa hapo ndipo jina la akaunti na vitufe hukaa.

Turudi kwa mama na nafasi yake iliyokaa bure. Usimwambie kwamba hajui usanifu, kwa sababu anajua kuuza, na hofu yake ni ya haki: analipa bando na muda, na anaona sehemu ya kiwanja chake haijapandwa kitu. Mwelekeze kwenye duka lake mwenyewe. Chupa anayotaka iuzike haraka huiweka peke yake juu ya meza, mbele, hairundiki nyuma ya madumu, na ile nafasi inayoizunguka ndiyo inayomfanya mteja aione. Halafu umwonyeshe kwamba hakuna alichokitaka kitakachopotea, kwa sababu una matangazo matatu na si moja. La kwanza linaweza kubeba povu. La pili libebe bei za lita moja, lita tano na dumu la lita ishirini. La tatu libebe mahali duka lilipo, na hapo picha yake mwenyewe akiwa mlangoni ina kazi kubwa kuliko ramani, kwa kuwa mteja akifika ataitambua sura. Yote matatu yawe na chupa ileile, mwandiko (fonti) uleule na nembo mahali palepale, ili anayeona la tatu akumbuke la kwanza.

Kuhusu namba za simu, hapa kuna mvutano wa kweli. Kwenye posti ya Instagram au Facebook, namba ikae katika maelezo ya chini, ambako haichukui nafasi ya picha. Lakini picha ikishatolewa hapo na kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp ya shangazi, yale maelezo hayafuatani nayo. Kwa biashara ya mtaani kwetu, safari hiyo ya stetasi ina uzito mkubwa. Mimi ningeweka namba moja tu ndani ya picha, kwa herufi zinazosomeka, na nyingine mbili ningeziacha. Na uipige hiyo namba kabla ya kukabidhi kazi. Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhi tangazo ambalo namba yake ilikosa tarakimu moja. Mteja alikuwa ameshalilipia kwa siku nne kabla hatujagundua, na fedha ile niliirudisha kutoka mfukoni mwangu.

"Hayana lehemu" ni maneno ambayo ningekushauri uyaache. Si ya uongo, kwani mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu ya kuhesabika, ambayo hutoka kwa wanyama. Lakini kwa sababu hiyohiyo hayamtofautishi mama na muuzaji yeyote wa jirani, na yanamfanya msomaji adhani kwamba mengine yanayo. Ukisogea hatua moja zaidi na kuandika kwamba yanatibu presha au moyo, umeingia kwenye madai ya afya ambayo huna uthibitisho wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Vivyo hivyo usibandike alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa kuwa umeiona kwenye chupa nyingine. Muulize mama kama bidhaa yake ina leseni ya kuitumia.

Akili mnemba ninaitumia mwenyewe, kwa kujaribu mipangilio na kutafuta mandhari, na sioni dhambi ndani yake. Kwa tangazo hili, hata hivyo, itakupa chupa ambayo haipo dukani na mafuta yenye rangi ambayo mama hana, na mnunuzi tuliyemwona akiinua chupa mlangoni atakuja kulinganisha. Piga picha halisi kwa simu yako. Epuka jua la saa sita, linalotupa vivuli vikali. Piga saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, mwanga ukitokea nyuma ya chupa ili upite ndani ya mafuta, na upande wa mbele ushikilie shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye lebo. Picha uliyoikuta kwenye mtandao si ya bure kwa sababu imepakuliwa bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeipiga.

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote kazi, iweke kwenye simu ya kawaida, toka nje juani, na uwaonyeshe watu watano wanaonunua mafuta ya kupikia, mmoja mmoja, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Ifiche, kisha uulize: kinauzwa nini, na wewe ungefanya nini? Usiulize kama ni nzuri, kwa sababu watu wetu ni waungwana na watakuambia ni nzuri sana. Ukiamua kutengeneza matoleo mawili ili uyalinganishe, yatofautishe kwa kitu kimoja tu, ama picha ama maneno. Ukibadilisha vyote hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Na kama toleo moja limeleta ujumbe sita na jingine minne, usilitangaze kuwa limeshinda, maana idadi hiyo ni ndogo mno.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Suala la leseni na maneno ya lebo lipelekeni ofisi ya TBS wewe na mama pamoja, kwa kuwa tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Mzozo wa picha au wa mwandiko wenye hakimiliki uulizwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukikesha siku ya nne, simama ulale, na kama usingizi unaendelea kukukimbia hata ukiwa umelala mapema, zungumza na mshauri wa wanafunzi chuoni ana kwa ana. Na kwa mhadhiri wako nenda wiki hii hii, mapema, kabla hujafungua programu tena. Mpelekee ile sentensi moja na karatasi ya mistatili ishirini, umwonyeshe mitatu uliyoichagua na umweleze ulichokiona dukani. Toleo la kumi na moja liache nyumbani.